Mkopo wa Nyumba: Pima Mzigo Kabla ya Kujitwisha

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Tabora

  Leo kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana tutafanya hesabu. Viongozi wa madarasa wawe na ubao na chaki. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mambo ambayo mmekwisha kujifunza. Lakini ni hesabu yenye faida kubwa, kwa sababu mtu asiyeijua aweza kupoteza nyumba yake.

Somo letu ni mkopo wa nyumba.

MAANA YA REHANI

Mkopo wa nyumba ni fedha unazokopeshwa ili ununue nyumba, au ujenge, au utengeneze nyumba uliyo nayo. Na nyumba hiyo hiyo ndiyo inayowekwa rehani. Neno rehani mwalijua. Mtu akiwa na shida hupeleka baiskeli yake kwa mwenye fedha, naye hupewa fedha. Akilipa, hurudishiwa baiskeli. Asipolipa, baiskeli imekwenda.

Mkopo wa nyumba ni vivyo hivyo, ila kuna tofauti moja. Baiskeli iliyowekwa rehani huioni tena nyumbani, na kila siku ukitembea kwa miguu unakumbuka deni. Nyumba iliyowekwa rehani unaendelea kulala ndani yake. Waamka asubuhi, wafagia uwanja, wapokea wageni, na watu wakuita mwenye nyumba. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba hati yako imo katika kasha la benki. Mwaka wa kumi bado imo.

Basi shikeni neno hili moja, ambalo ndilo somo lote la leo: mkopo wa nyumba haupimwi kwa fedha ya mwezi mmoja, hupimwa kwa safari nzima. Jiulize utalipa jumla ya kiasi gani, utalipa kwa pato gani, na utapoteza nini ukianguka njiani.

MKOPO SI JAMBO GENI KWETU

Tabora ni mji uliojua mikopo tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikaja hapa Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji, na mingine Uganda au Manyema. Ilichukua nguo, shanga na nyaya za shaba. Mali hiyo, sehemu kubwa, haikununuliwa kwa fedha taslimu. Wafanya biashara waliikopa kwa matajiri wa Unguja. Tippu Tip mwenyewe, ambaye jina lake lilijulikana sana katika njia hii, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa huko Unguja. Madeni yalilipwa kwa pembe za ndovu, baada ya muda mrefu. Biashara hiyo ilichanganyika na biashara ya watumwa, nasi hatuisifu. Lakini yatufundisha jambo moja: fedha ya mtu ikikaa kwako muda mrefu, gharama yake huwa kubwa.

Jambo la pili tulijifunze Unguja na Pemba. Huko wenye mashamba ya mikarafuu wengi waliweka mashamba yao rehani. Bei ya karafuu iliposhuka, deni halikushuka pamoja nayo. Mambo yalikuwa mabaya hata katika miaka ya 1930 serikali ya huko ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, na mrina asali wa Sikonge au Kaliua, wayaandike maneno haya kwa herufi kubwa: bei ya mazao huteremka, deni haliteremki.

Hapa Tanzania palikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973. Iliwasaidia watu wengi kujenga. Lakini madeni mengi hayakulipwa, na pamoja na matata mengine benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Baada ya hapo mikopo ya nyumba ya muda mrefu ikawa adimu kwa miaka mingi. Mwaka 2008 ikatungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kuwakopesha wananchi. Ndiyo maana siku hizi mwasikia tena matangazo ya mikopo ya miaka 10, 15, 20 na hata 25.

Matangazo hayo si ya uongo. Lakini tangazo hukuambia jinsi ya kuingia. Jinsi ya kutoka ni juu yako kuuliza.

HESABU YA KWANZA: MUDA

Katika miaka ya karibuni mabenki yetu yametoza riba ya mikopo ya nyumba kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, takriban. Riba hubadilika, kwa hiyo ulizeni kila mara. Sisi tutumie asilimia 18 kwa mfano wetu, kwa sababu ni rahisi kuigawanya. Asilimia 18 kwa mwaka, ukigawanya kwa miezi 12, ni shilingi moja na nusu katika kila shilingi mia, kila mwezi.

Tuseme mwalimu mmoja amekopa shilingi 20,000,000. Andikeni ubaoni mistari hii mitatu.

Akilipa kwa miaka 5: kila mwezi shilingi 507,869. Jumla yote ni kiasi cha shilingi 30,472,000.

Akilipa kwa miaka 10: kila mwezi shilingi 360,370. Jumla yote ni kiasi cha shilingi 43,244,000.

Akilipa kwa miaka 20: kila mwezi shilingi 308,662. Jumla yote ni kiasi cha shilingi 74,079,000.

Sasa tazameni vizuri mstari wa pili na wa tatu. Kutoka miaka 10 kwenda miaka 20, fedha ya kila mwezi imepungua kiasi cha shilingi 52,000 tu. Lakini jumla imeongezeka kwa karibu shilingi 31,000,000. Fedha hizo zatosha kununua nyumba nyingine na nusu kama ile ya kwanza!

Mtauliza, imekuwaje? Jibu ni hili. Mwezi wa kwanza mwalimu wetu anadaiwa shilingi 20,000,000 zote. Riba ya mwezi ule ni moja na nusu katika kila mia, yaani shilingi 300,000. Katika mkopo wa miaka 20 yeye ametoa shilingi 308,662. Ondoeni riba 300,000. Zimebaki shilingi 8,662. Hizo ndizo peke yake zilizopunguza deni. Mwezi mzima wa jasho, na deni limepungua kwa shilingi elfu nane na kitu. Mwezi wa pili ni karibu vile vile. Ndivyo mtu anavyolipa miaka mitatu, akienda kuuliza salio, anashtuka na kudhani ameibiwa. Hakuibiwa. Hakupiga hesabu.

Kwa hiyo msichague muda mrefu kwa sababu tu fedha ya mwezi inaonekana ndogo. Chagueni muda mfupi mnaouweza bila kuumia. Na kama mmechukua muda mrefu, ulizeni kama mwaruhusiwa kulipa zaidi bila faini. Mwalimu wetu mwenye mkopo wa miaka 20, akiweza kulipa shilingi 360,370 kila mwezi badala ya 308,662, deni litakwisha katika miaka 10. Mabenki mengine huruhusu. Mengine hutoza faini kwa mtu anayelipa mapema. Jambo hili laandikwa katika mkataba. Lisome kabla, si baada.

HESABU YA PILI: RIBA MBILI ZENYE JINA MOJA

Tuseme benki moja yakuambia, "Riba yetu ni asilimia 18." Mkopeshaji mwingine akuambia, "Kwangu ni asilimia 12 tu." Nani rahisi? Msijibu upesi.

Yule wa kwanza anahesabu riba juu ya deni lililobaki. Ukipunguza deni, na riba hupungua. Yule wa pili anahesabu riba juu ya mkopo wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba hujalipa hata senti moja. Haya, tufanye hesabu ya huyu wa pili.

Shilingi 20,000,000 kwa asilimia 12 ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 10: shilingi 24,000,000. Jumlisha na mkopo: shilingi 44,000,000. Gawanya kwa miezi 120: shilingi 366,667 kila mwezi.

Na yule wa asilimia 18 alikuwa akitaka ngapi kwa miaka 10? Shilingi 360,370 kila mwezi. Mmeona? Asilimia 12 imekuwa ghali kuliko asilimia 18!

Basi usiulize tu, "Riba ni asilimia ngapi?" Uliza hivi: "Riba yahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wote? Na mpaka mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi?" Mwambie akuandikie kwa karatasi. Mwenye kusema kweli haogopi kuandika.

Wako pia ndugu zetu wasiotaka riba kwa ajili ya dini yao. Kuna mabenki yanayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo huweza kununua nyumba kisha kukuuzia kwa bei ya juu zaidi, nawe ukalipa kidogo kidogo. Hapo hapana riba, lakini swali ni lile lile: bei yote mpaka mwisho ni kiasi gani, na ikiwa nitachelewa kulipa itakuwaje?

Jambo jingine: uliza kama riba yaweza kubadilika. Mkopo wa shilingi 20,000,000 wa miaka 10, kwa asilimia 18, ni shilingi 360,370 kwa mwezi. Kwa asilimia 21 ni kiasi cha shilingi 399,900. Ikiwa mkataba wairuhusu benki kupandisha riba, basi weka nafasi katika pato lako kwa ajili ya siku hiyo.

PATO LAKO HUJA LINI?

Katika njia ya misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alisifiwa kwa nguvu na uvumilivu wake. Alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kutoka pwani mpaka hapa, safari ya miezi miwili au mitatu, na mara nyingine zaidi. Mtu huyo alijua nguvu zake. Mzigo uliokuwa mwepesi Bagamoyo haukuwa mwepesi tena katika nyika ya Mgunda Mkali, penye jua na pasipo maji. Na mkopo ni hivyo. Mwaka wa kwanza una nguvu. Lakini njiani kuna ugonjwa, kuna ada za watoto, kuna misiba, kuna mwaka wa mvua chache.

Wengi hupendekeza kwamba fedha ya mkopo wa nyumba isizidi theluthi moja ya pato la mwezi, nayo ni kanuni njema. Tuseme mtu apata shilingi 900,000 kwa mwezi. Theluthi yake ni shilingi 300,000. Mkopo wetu wa shilingi 20,000,000 kwa miaka 10 wataka shilingi 360,370. Umezidi. Akikopa shilingi 16,000,000 kwa muda ule ule na riba ile ile, atalipa shilingi 288,296. Hapo anaweza kutembea. Labda nyumba itakuwa na vyumba viwili badala ya vitatu. Lakini vyumba viwili visivyouzwa ni bora kuliko vitatu vinavyopigwa mnada.

Watumishi wa serikali wanajua kanuni nyingine ya theluthi: makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Msizichanganye kanuni hizi mbili. Hiyo ya pili ni mpaka wa mwisho ambao haifai kuuvuka. Anayebakiwa na theluthi moja tu kwa miaka 15 anaishi kwa kukopa unga dukani.

Na mkulima je? Benki hutaka fedha kila mwezi. Tumbaku huuzwa kwa msimu. Asali hurinwa kwa msimu. Mkulima akiahidi kulipa kila mwezi kama karani, atalipa miezi minne baada ya masoko, na mwezi wa tano ataanza kuuza mbuzi. Kwa hiyo mkulima aombe malipo yafuate msimu wake. Benki ikikataa, asitie sahihi. Na apige hesabu kwa bei ya mwaka mbaya, asipige kwa bei ya mwaka mzuri.

GHARAMA ZA NJIANI

Misafara ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi. Siku zile hongo maana yake ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Msafiri aliyeweka mali ya kununulia pembe tu, akasahau mali ya hongo, alikwama njiani.

Mkopo wa nyumba nao una ushuru wa njiani. Kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo. Kuna malipo ya mthamini anayekadiria bei ya nyumba. Kuna malipo ya wakili na ya kusajili rehani. Kuna bima ya nyumba, isije ikaungua, na mara nyingi bima ya maisha ya mkopaji, ili akifa deni lisiwaangukie mjane na watoto. Bima hiyo ya pili ina faida kubwa, lakini soma inalipa katika hali gani na haiilipi katika hali gani.

Tena benki kwa kawaida haitoi bei yote ya nyumba. Hutaka mkopaji atoe sehemu yake kwanza. Usikope sehemu hiyo kwa mtu mwingine. Hasa usiende kwa wale wa mikopo ambayo watu huiita "kausha damu". Mtu aliyekopa ili apate kukopa amekwisha kuanguka kabla ya kuanza safari.

KARATASI

Sasa tufike kwenye karatasi, maana ndiyo sababu mojawapo ya kujifunza kusoma.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sisi tunapewa haki ya kuikalia, kwa hati yenye muda, mathalan miaka 33, 66 au 99. Benki inayotoa mkopo wa nyumba wa muda mrefu hutaka hati hiyo. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa yaweza kuonyesha kwamba ulinunua, lakini si hatimiliki. Ukinunua nyumba Isevya au Kiloleni au mtaa mwingine wo wote, nenda kwanza ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi wa hati. Hapo utajua jina la mwenye hati, kama nyumba imewekwa rehani tayari, na miaka mingapi imebaki. Usitoe fedha kabla ya kujua mambo hayo matatu.

La pili, mume na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zasema kwamba nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Hii ni ngao ya nyumba yote. Mama zangu, mkiletewa karatasi mkaambiwa, "Weka dole gumba hapa, ni mambo ya benki," msiweke kwanza. Ulizeni ni deni la kiasi gani, ni la kazi gani, na nyumba ipi imetajwa. Nanyi baba zangu, msione haya kuulizwa. Mke anayejua deni husaidia kulilipa.

La tatu, nyumba ya urithi. Mzee akifariki, nyumba si ya kaka mkubwa peke yake mpaka mirathi iamuliwe. Mmoja wa warithi asiichukue hati akaiweka rehani kwa ajili ya biashara yake.

La nne, deni la mtu mwingine. Kijana huja kwa mzee wake na kusema, "Baba, nipe hati tu, mkopo nitalipa mimi." Aweza kuwa kijana mwema na mwenye bidii. Lakini benki haitauza bidii yake, itauza nyumba ya mzee. Usitoe hati kwa deni la mwingine, ila kama uko tayari na unaweza kulilipa mwenyewe.

La tano, lugha. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Kuuliza si ujinga. Omba usomewe na kuelezwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, na uende na mtu wako unayemwamini. Uombe nakala ukae nayo siku mbili tatu nyumbani. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zilizotolewa mwaka 2019, zamtaka mkopeshaji akueleze wazi gharama na masharti. Ukiona hutendewi haki, peleka malalamiko kwanza kwa benki yenyewe, kwa maandishi, na usiposikilizwa uyapeleke Benki Kuu ya Tanzania.

UKISHINDWA KULIPA

Wapo watu ambao wakishindwa mwezi mmoja huanza kujificha. Simu ya benki hawapokei, barua hawafungui. Hilo ni kosa kubwa kuliko kushindwa kwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa, na kama huwezi kulipa, dawa ya kwanza ni kusema. Nenda benki mapema, kabla hujakosa mwezi wa pili. Eleza shida yako na uombe malipo yapangwe upya.

Mjue pia haki zenu. Benki haiwezi kuamka leo na kuuza nyumba kesho. Sheria ya Ardhi yataka kwanza upewe notisi ya maandishi, nawe una siku 60 tangu kuipokea za kurekebisha mambo. Nyumba ikiuzwa, benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo haukutimizwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Na fedha zikizidi deni na gharama halali, baki ni yako.

Lakini nyumba katika mnada ni mara chache kupata bei ambayo mwenyewe angeipata kwa kuuza taratibu. Ukiona kwa kweli mzigo umekushinda, zungumza na benki uuze mwenyewe, ulipe deni, na ubaki na kitu mkononi cha kuanzia tena. Ni uchungu, lakini ni uchungu wa mara moja.

Na ukimaliza kulipa, kazi haijaisha. Hakikisha umerudishiwa hati yako, na kwamba rehani imefutwa katika daftari la Msajili wa Hati. Wapo waliolipa kila senti, wakafa, watoto wakakuta nyumba bado imeandikwa rehani.

NJIA NYINGINE

Si lazima kila mtu achukue mkopo wa nyumba. Watu wengi wa Tabora wamejenga kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja na tofali, mwaka ujao msingi, halafu chumba kimoja na bati, kisha vingine. Njia hii ni ya polepole, na vifaa vikipanda bei au tofali zikilowa mvua kuna hasara. Lakini haina mnada. Wengine huweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa, wakakopa kidogo cha kupaua, wakamaliza mwaka ule ule, ndipo wakaendelea. Haba na haba hujaza kibaba.

Mkopo mkubwa wamfaa mtu mwenye pato la hakika, mwenye akiba ya kutosha miezi kadhaa akikosa pato, na anayenunua nyumba yenye hati safi. Mtu huyo, akichagua vizuri, atakaa katika nyumba yake akiwa bado ana nguvu, na fedha alizokuwa akimpa mwenye nyumba zitakwenda katika nyumba yake mwenyewe. Hilo ni jambo jema sana.

KAZI YA DARASANI

1. Mtu anadaiwa shilingi 8,000,000. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Riba ya mwezi mmoja ni kiasi gani?

2. Mtu amekopa shilingi 6,000,000 kwa miaka 5. Riba ni asilimia 10 kwa mwaka juu ya mkopo wote. Atalipa jumla ya kiasi gani, na kila mwezi kiasi gani?

3. Zungumzeni: mkulima wa tumbaku akitaka kukopa ili ajenge nyumba, aulize benki maswali gani matano?

4. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja ya kuijibu benki inayosema, "Tia sahihi tu, mengine tutakueleza baadaye."

Majibu ya hesabu: la kwanza, shilingi 120,000. La pili, jumla shilingi 9,000,000, na kila mwezi shilingi 150,000.

Mkifika nyumbani, wasomeeni wenzenu ile mistari mitatu ya ubaoni, wa miaka 5, wa miaka 10 na wa miaka 20. Asiyejua kusoma mwelezeni kwa vijiti au kwa mbegu za mahindi. Huenda katika mtaa wenu yupo anayekwenda benki kesho asubuhi.